Kikohozi cha Heshima

Mwalimu wetu wa kwaya aliamini kwamba mapafu ya mtu hayapimwi kwa mashine. Yanapimwa kwa nota ya mwisho. Alikuwa akisimama mbele yetu pale kanisani Kisondela, mkono mmoja juu, macho ameyafumba, anaimba "aaa" moja ndefu huku mimi nimeshika simu nahesabu sekunde. Akifika arobaini alishusha mkono, akatutazama kama mtu aliyetoka kushinda uchaguzi, akasema, "Haya, nani kati yenu ana mapafu kama haya?" Wengi wetu tuliishia kumi na nane, na wale wa sopurano walikuwa wameshaanza kucheka.

Mimi nilikuwa sauti ya besi, naye aliniita hivyohivyo, Besi, kanisani, njiani, hata siku ya harusi yangu mbele ya wakwe. Nilikuwa pia jirani yake. Nyumba zetu zilitenganishwa na migomba na miparachichi michache tu, kwa hiyo mengi ambayo wanakwaya wenzangu hawakuyaona, mimi niliyaona. Watu wakimkumbuka leo huanza na sauti yake. Mimi naona ni haki nianze na tumbaku yake.

Kanisa letu halitaki tumbaku, na Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa kutoka utosini hadi unyayoni. Lakini nyuma ya choo chake palikuwa na mistari miwili ya mimea yenye majani mapana, ambayo mgeni angeweza kudhani ni mboga, na yeye alipenda sana mgeni adhani hivyo. Nilipomuuliza siku moja dhamiri yake inasemaje, hakupepesa macho.

"Sigara ni kitu cha dukani," alisema. "Hicho ndicho kinachokatazwa. Hii nimepanda mwenyewe, nimepalilia mwenyewe, haina dawa hata tone. Hii ni mboga, ila haipikwi."

Alisokota mboga yake kwa karatasi za nota. Wimbo ukishachosha kwaya hakuutupa. Aliuchana vipande vipande, akauvuta pole pole kwa wiki mbili tatu. Mwaka mmoja, sikukuu ya mavuno ilipokaribia, viongozi wa kwaya walimwomba aturudishie wimbo fulani wa zamani uliokuwa ukipendwa na akina mama. Alitafakari kidogo, akasema, "Ule tuliumaliza." Watu wakaitikia kwa kichwa, wakidhani anasema umepitwa na wakati. Mimi peke yangu nilijua kwamba hasemi kwa mafumbo.

Mahali pake pa kuvutia palikuwa juu, mwisho wa shamba la chai. Kwetu huku mvua haina adabu, inanyesha hata siku ambayo haikutarajiwa, kwa hiyo alikuwa akipanda na mwavuli mweusi. Ukitazama kutoka barabarani ukaona mwavuli unatoa moshi katikati ya chai, ulijua Mwalimu anatunga. Akimaliza alitafuna majani mabichi ya chai kuua harufu, kisha akaja kwenye mazoezi na meno ya kijani. Mchungaji alikuwa akimpa mkono huku amegeuza uso pembeni, kwa upendo mkubwa, na mambo yakaendelea hivyo miaka na miaka.

Wala tumbaku haikuwa moshi wake peke yake. Jioni za baridi alikaa jikoni kwa Mama Mwalimu, mkewe, kwenye kigoda karibu kabisa na mafiga, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua. Jiko lile lilikuwa jeusi kuanzia kuta hadi darini, na mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto yakiwa meusi vilevile. Ukiingia, machozi yalikutoka kabla hujasema hodi. Yeye alikaa humo saa nzima anapanga sauti nne za wimbo kwa vidole, ametulia kabisa, na ukikohoa alikushangaa.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa Mbeya mjini wakilisikia hucheka. Katika nyumba za Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hali chakula mbele yake, hamtazami machoni. Wakikutana njiani, yeye hupisha kwenye migomba na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Siku hizi mambo yamelegea. Nimeona baba mkwe Tukuyu mjini anapiga picha na mkamwana wake, wamegusanisha mashavu, na mbingu haikuanguka. Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akidharau nusu ya mila za babu zake, akiziita mambo ya giza. Lakini hii moja aliishika kwa mikono miwili, na hakuna mchungaji aliyeweza kumng'oa.

Na Mungu, ambaye nadhani ana utani wake, akampa mkamwana mtaalamu wa eksirei. Mwanawe, dereva wa malori ambaye wiki nyingi yuko njiani kuelekea mipakani, alioa binti aliyesomea mambo ya mionzi, akiwa kazini hospitali ya misheni. Walijenga hatua chache chini ya nyumba ya mzee. Binti yule alishaona mbavu za nusu ya watu wa Rungwe, lakini uso wa baba mkwe wake hakuujua vizuri. Nilimuuliza kama haoni tabu, msomi kama yeye kukimbilia kwenye migomba.

"Tabu gani, shemeji?" alinijibu. "Yeye kalelewa hivyo, na mimi nimeolewa hapo. Migomba hainidhuru."

Ili kumrahisishia, Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila alipokaribia mahali ambapo mkamwana angeweza kuwepo, jikoni kwa mkewe, kisimani, njia ya kwenda barabarani, alikohoa mara mbili, kavu, kama anayebisha hodi. Mkamwana akisikia alichukua vitu vyake akatokea mlango wa nyuma. Hawakugongana hata siku moja. Kijiji kizima kilikijua kikohozi kile, na wazee walikisifia: tazameni mtu mwenye heshima, anakohoa kabla hajafika. Kuna baba mkwe mmoja wa upande wa pili wa mto ambaye alishauriwa na mkewe akajifunze kukohoa kwa Mwalimu.

Mazungumzo yao yalihitaji mtu wa katikati. Mwanzoni alikuwa Mama Mwalimu, lakini baada ya miaka miwili alijiuzulu. Alisema amechoka kulaumiwa na pande zote mbili kwa maneno ambayo si yake. Cheo kikanishukia mimi, kwa kuwa nilikuwa jirani, nina pikipiki, na kwa maelezo ya Mwalimu, "besi hawana haraka ya kusema."

Niliifanya kazi ile miaka mingi. Mara nyingine wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, mmoja ndani, mwingine nje ya ukuta, na bado nilitakiwa nirudie. Mkamwana alipowaletea jiko la gesi ili Mama Mwalimu aachane na moshi, Mwalimu alilipokea kwa heshima zote, akaliweka sebuleni juu ya meza, akalifunika kitambaa cha kufuma.

"Mwambie ndaga, linapendeza," alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa.

"Mwambie si la kupendeza, ni la kupikia," sauti ikasema nyuma ya ukuta.

"Anasema ni la kupikia," nikarudia.

"Nimesikia. Mwambie tutalipikia Krismasi."

Ujumbe mmoja ulirudi tena na tena, na nakiri kwamba sikuutilia uzito. Mkamwana alikuwa akiniambia nimweleze baba kwamba mtu aliyevuta miaka zaidi ya arobaini hasubiri kuumwa ndipo apimwe. Kuna mashine kubwa ya CT scan Mbeya, alisema, inayoona kitu ndani ya pafu kingali kidogo kama punje, wakati eksirei yake yeye mwenyewe huona kikishakua. Aende mara moja, akiwa mzima. Nilipanda kwenye chai, nikasimama chini ya mwavuli, nikafikisha.

"Mwambie siumwi," Mwalimu alisema.

Nikashuka. "Anasema haumwi."

"Mwambie ndiyo maana nataka aende."

Nikapanda tena. Alicheka mpaka moshi ukamtoka puani. "Huyu anataka nimtafute daktari nimwambie, shikamoo daktari, sina kitu, nitazame! Mwambie tumbaku yangu si ya dukani."

Jibu la ujumbe huo nalikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa alilisema polepole ili nisikosee. "Mwambie mapafu hayajui huu moshi ni wa dukani na huu wa shambani. Na ule wa jikoni nao yanauhesabu." Mwalimu alipolisikia aliniimbia "aaa" yake pale pale kwenye chai, sekunde arobaini, kisha akasema hiyo ndiyo CT scan yake.

Basi, mwaka juzi, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, mkamwana alinisimamisha njiani. Hakuwa na uso wa utani.

"Shemeji, nikuulize kitu. Baba anakohoa nikiwa sipo?"

Sikumwelewa. Nilisema bila shaka anakohoa, kila mtu anajua, ni heshima yake.

"Anakohoa ili nisikie. Sasa nikiwa kazini Jumatatu nzima, anamkoholea nani?"

Nilisimama pale njiani na mvua inaninyeshea, nikaanza kukumbuka. Alikuwa amekohoa kwenye mazoezi Jumamosi, ambako mkamwana hafiki. Alikuwa amekohoa juu ya pikipiki yangu tangu Kisondela hadi Ibighi, na mimi nilidhani ni baridi. Hata Mama Mwalimu, tulipomuuliza, alisema siku hizi mzee amezidisha heshima, anakohoa mpaka amelala. Kijiji kizima tulikuwa tunamsifu mtu anayeumwa.

Mkamwana ndiye pekee aliyekuwa amekisikiliza kikohozi kile kwa makini, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne ndicho alichokuwa nacho badala ya uso. Alisema zamani kilikuwa viwili vikavu, kama mtu anayegonga mlango. Sasa ni vinne, vitano, na cha mwisho kinavuta kitu kutoka chini. "Mwambie aje apige picha wiki hii," alisema. "Wiki hii, shemeji, si Krismasi."

Hapo ndipo mila ikageuka ukuta kwelikweli. Mwalimu alikubali kuwa anakohoa. Alikubali hata kwamba picha ni kitu kizuri. Lakini nani anapiga picha pale hospitalini? Na mtu anapopigwa picha ya kifua anavaa nini?

"Niende nikavue shati mbele ya mkamwana wangu?" aliniuliza, na sijawahi kumwona ameumia vile. "Gwe Besi, hata kama wewe huna haya, nionee mimi."

Miezi saba ilikwenda hivyo. Alijaribu asali, akajaribu tangawizi, akaenda zahanati akapewa vidonge vya rangi mbili. Walimchukua makohozi kupima kifua kikuu, majibu yakaja hana, naye akachinja kuku. Alialika viongozi wa kwaya, akatangaza kwamba mapafu yamethibitishwa na serikali. Mkamwana aliniagiza nimwambie kwamba kukosa TB ni kukosa TB tu, haina maana nyingine. Nilimwambia huku mdomo umejaa kuku wake, na nadhani hilo lilipunguza nguvu ya ujumbe.

Wazee wa ukoo walikaa kujadili namna ya kulegeza jambo. Mmoja alisema mkamwana akipewa kuku, mwiko unalainika. Wa pili akasema kuku ni dharau, ni ng'ombe. Wa tatu, mzee wa kanisa, akasema inatosha sala. Mwalimu aliwasikiliza wote, akasema atatoa vyote vitatu akishapona, na kikao kikafungwa bila mtu kuona kasoro katika mpango huo. Wakati huo ile "aaa" ilikuwa imeshuka. Nilimhesabia kumi na tisa. Akaniambia simu yangu ni ya Kichina.

Mwisho alinipa kazi ya upelelezi. Niende nijue ni siku gani mkamwana hayupo zamu, ili apigwe picha na kijana anayefanya naye kazi chumba cha eksirei. Mimi sijui kupeleleza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkamwana, nikamwambia, shemeji, mzee anataka kujua ni siku gani hupo.

Akanijibu, "Mwambie Jumanne sipo."

Jumanne tulifika mapema. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya Pasaka na fulana mpya ndani, na alinituma nichungulie kwanza. Alikuwepo yule kijana tu. Mzee akaingia, akavua, akasimamishwa kifua kwenye lile bamba la baridi, mabega mbele. Mimi nilibaki nje, lakini mlango haukufungika vizuri kwa juu, kwa hiyo nilisikia, na nikijinyoosha niliona kidogo. Kijana alikwenda nyuma ya kioo, akasema, "Vuta pumzi, mzee. Shikilia, usipumue."

Msisahau kwamba huyu ni mtu aliyewaambia wengine maneno hayo maisha yake yote. Akavuta, akashikilia. Mashine ikalia. Tukasubiri neno la kumwachilia, na neno halikuja. Picha ilikuwa imetokea kwenye skrini, na nyuma ya kile kioo hakuna aliyekuwa na kauli. Mwalimu, kwa nidhamu yake yote ya kwaya, aliendelea kushikilia, hataki kushindwa mbele ya mashine.

Ndipo sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka gizani: "Baba, pumua!"

Alipumua, tena kwa kishindo, akakohoa dakika nzima. Kisha alivaa taratibu, kifungo kimoja kimoja, mgongo ameuelekeza kwenye kioo, akatoka. Tulikwenda hadi kwenye pikipiki.

"Jumanne alikuwepo," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe Besi ni mwongo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alipanda nyuma yangu, akakaa sawa, akafungua mwavuli. "Mwambie nimeisikia sauti yake vizuri leo. Ni alto. Miaka yote hii nahangaika na alto watatu, na mmoja yuko nyumbani kwangu amejificha kwenye migomba."

Nilicheka njia nzima, na yeye akacheka. Jioni mkamwana alikuja kwangu akanionyesha kwenye simu ile picha. Upande wa kulia juu palikuwa na kivuli, cheupe kwenye weusi wa pafu, na mimi ambaye sijasomea kitu nilikiona. Sikucheka tena siku hiyo.

Mbeya tulikwenda watatu. Mume wa mkamwana alikuwa mpakani na lori, kwa hiyo kwenye basi nilikaa katikati, mkamwana dirishani amejifunika mtandio, Mwalimu upande wa njia anatazama mbele kama anaendesha yeye. Aliingizwa kwenye mashine kubwa, akachomwa sindano ya kuchukua kipande kidogo cha kupima, tukarudi, tukaitwa tena. Chumbani kwa daktari Mwalimu aligeuza kiti chake akakielekeza kwenye kalenda ya ukutani, kwa kuwa mkamwana alikuwa amekaa upande wa pili. Daktari alifikiri mzee ni kiziwi, akapaza sauti. Nililazimika kumweleza. Yule daktari, kijana wa pwani, alitutazama sote watatu, akashusha pumzi, akaendelea kwa kunong'ona, kana kwamba ndiyo suluhisho.

Alisema ni saratani ya mapafu. Alisema ina hatua nne. Ya kwanza kitu ni kidogo, kimetulia ndani ya pafu, mara nyingi hukatwa tu. Ya pili kimekua, au kimegusa tezi za jirani. Ya tatu kimefika kwenye tezi za katikati ya kifua, na hapo kukata ni kugumu. Ya nne kimesafiri, kimekwenda kwenye mifupa, ini, au kichwani.

"Nne," Mwalimu aliiambia kalenda. "Kama sauti. Sopurano, alto, tena, besi. Mimi nimeangukia wapi?"

"Ya tatu, mzee."

"Tena." Alifikiri kidogo. "Sauti ngumu kuipata hiyo. Namshukuru Mungu sijafika kwa Besi."

Daktari hakujua kama inafaa acheke. Mimi nilijua inafaa, ila sikuweza.

Alipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi na dawa za kwenye mishipa. Alirudi amekonda, nywele zimekwisha, na hasira zake zote ni juu ya joto la huko, si ugonjwa. Tumbaku aliing'oa mwenyewe, mistari yote miwili, akapanda kabichi mahali pake. Jiko la gesi lilishuka mezani likaanza kupika. Kwaya alituendesha kwa mwaka mmoja zaidi akiwa ameketi, kwa kidole na kwa nyusi, na naapa hatujawahi kuimba vizuri kama mwaka ule, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kutukaripia na sisi tuliogopa zaidi ukimya wake. Mkamwana alimpeleka kila kliniki. Bado walizungumza kupitia kwangu.

Mara ya mwisho kumkuta akiwa na nguvu za kuzungumza ilikuwa mchana mmoja wa Julai, baridi imeuma kweli. Alikuwa barazani, makoti mawili, kofia ya sufu, miguu kwenye blanketi. Mkamwana alikuwa likizo. Alitoka ndani na kikombe cha uji, akakiweka kwenye stuli uso ameuinamisha, akageuka aondoke.

"Kaa," Mwalimu alisema.

Nilikuwa nimeshakaa. Nilitazama nyuma yangu, nikidhani kuna mtu amekuja.

"Kaa, mwanangu," akarudia, na ndipo nilipoona anamtazama nani.

Mkamwana alikaa kwenye ncha ya benchi, mikono magotini. Mwalimu alisubiri pumzi zimrudie. Siku hizo kila sentensi aliipangia.

"Wewe ndiye uliyeiona ile picha kwanza," alisema. "Nataka kukuuliza kitu, na sitaki kumtuma Besi. Ile siku ya mvua uliponiita. Tuseme ningekuja wiki ile, nisione haya. Ningekuwa hatua ya ngapi?"

Mimi jibu nililijua. Kule Mbeya, tulipotoka kwa daktari, Mwalimu akiwa ameenda msalani, mkamwana aliegemea ukuta wa korido akaniambia kwamba miezi saba ni mingi mno, kwamba huenda wakati ule kilikuwa kidogo, huenda wangekikata tu na mzee akarudi nyumbani na mshono. Alilia mpaka muuguzi mmoja akamletea kiti. Alisema angemfuata hata kwa nguvu, angemvua shati mwenyewe, mila zingemsamehe baadaye. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Sasa aliinua uso. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona hilo. Alimtazama baba mkwe wake machoni, sawasawa.

"Ileile, baba," alisema. "Ya tatu. Isingebadilisha kitu."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mwanakwaya anayeimba peke yake mara ya kwanza.

"Ndaga," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu."

Mkamwana alisubiri anywe mafunda mawili ya uji, akachukua kikombe, akaingia ndani. Mwalimu alingoja mpaka mlango wa jikoni ukafungwa.

"Besi."

"Naam, Mwalimu."

"Amenidanganya."

Nilitazama kabichi.

"Nimefundisha watu kuimba miaka mingi," alisema. "Mtu akibana pumzi ili sauti isimvunjike, mimi naijua. Miaka yote simtazami, na siku ninayomtazama ananidanganya vizuri hivi." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukasubiri kipite. "Mwache aamini kwamba nimeamini. Akijua ninajua, atajilaumu mimi ningali hai, na mimi sina pumzi ya kumbembeleza."

"Nimwambie lini?"

"Nikishaondoka. Mwambie taratibu."

Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza, na kwaya iliimba bila mtu wa kutuinulia kidole. Tangu siku hiyo nimekwenda kwa mkamwana mara tatu na ujumbe huo. Mara ya kwanza nilizungumzia parachichi. Mara ya pili nilimkuta na wageni. Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikasikia anapika na redio imewashwa, nikageuza pikipiki. Nilizibeba salamu zao miaka mingi bila kudondosha neno, na hii moja imenishinda mdomoni, ndiyo maana nimeiandika. Shemeji, alipokwambia ndaga, alikuwa anajua.